Upande wa Pili wa Utepe

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, mpima ardhi, mtu asiyeogopa chochote isipokuwa mke wake.

Tajiri mmoja alitaka kuuza miti ya mbao. Rafiki yangu akalisogeza jiwe la mpaka mita kumi na nne, misonobari ya mjane jirani ikawa ya tajiri. Siku hiyohiyo mjane alikuwa amemletea maji ya kunywa. "Mwanangu, mimi sioni tena," alimwambia. "Wewe ndiye macho yangu."

Miti ilipokatwa, usingizi ukampaa. Jioni moja akarudi peke yake kulirudisha jiwe. Giza lilikuwa limeshatanda kwenye visiki. Akasimama penye jiwe, kasha la utepe wa kupimia mkononi, ncha akaiacha chini.

Utepe ukaanza kwenda. Aliusikia ukichakarisha majani makavu, taratibu, hadi ukakaza na kusimama huko gizani.

"Nani?"

Utepe ukavutwa mara mbili, kama afanyavyo msaidizi akishashika upande wake, kumwambia mpima: soma.

Akawasha tochi ya simu, akasoma.

Kumi na nne kamili.