Mke wa Safu ya Tatu

Kila Jumamosi saa kumi alasiri binti mmoja alinunua tiketi moja ya ukumbi wa vichekesho, akapenya katikati ya watu waliojazana mlangoni, akaenda kuketi safu ya tatu, kiti cha pembeni. Kisha aliuweka mkoba wake kwenye kiti kilichofuata na kuutazama mlango mara mbili tatu, kama mtu anayemsubiri mwenzake aliyechelewa. Hakuwa akimsubiri mtu. Mkoba ulimsaidia tu asionekane amekuja peke yake.

Jumamosi hiyo alivaa gauni la kijani lenye vifungo hadi shingoni. Ndiyo kwanza alikuwa ameutua mkoba, akasikia sauti juu ya kichwa chake.

"Samahani dada. Huu mkoba umelipa kiingilio?"

Aliinua macho. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu, mgongoni likabaki na makunyanzi. Kucha zake zilikuwa na ule weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni.

"Unaingia bure," alijibu, uso ukimwaka.

"Basi bado mtoto huyo. Mpakate."

Alicheka kabla hajajizuia, akaupakata.

Mchekeshaji wa ukumbi ule alikuwa mtu mfupi mwenye koti kubwa. Watu walimwita Ndevu ingawa kidevu chake kilikuwa laini kama yai. Desturi yake ilikuwa kuanza kwa kuwahoji waliokaa mbele, na siku hiyo kidole chake kilisimama safu ya tatu.

"Nyinyi wawili! Mmekuja pamoja, au mnagombea kiti?"

Kwa miezi minane binti alikuwa akiliogopa swali hilo moja tu: kuulizwa mbele ya watu mia mbili amekuja na nani. Vidole vyake viliukaba mkanda wa mkoba. Kijana aliviona.

"Ni mke wangu," akasema. "Mwaka wa sita huu."

"Miaka sita, na bado mnakaa pamoja?"

"Viti vya mbali vimekwisha."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Ndevu aliapa kuwa wiki ijayo angetaka kusikia mengi zaidi kuhusu ndoa hiyo.

Walipotoka nje, kijana alijikuna kisogo. "Nisamehe, dada yangu. Nimekuoa bila hata kuwauliza wazee."

"Hujaniuliza hata mimi."

"Na atatuhoji tena yule. Tusipopatana uongo, atatuumbua."

Hivyo ndivyo walivyopeana namba za simu: kwa ajili ya kupatana uongo.

Kijana alikuwa fundi wa lifti. Nusu ya kazi yake ilikuwa kutengeneza, na nusu nyingine kusimama nje ya mlango uliogoma na kuzungumza na walionaswa ndani, akiwatania hadi woga uwatoke. Alipiga simu kila Jumatano mchana, mara nyingi akiwa juu ya paa la jengo fulani, upepo ukivuma kwenye simu.

"Halo, mke wangu. Nikiulizwa tuna watoto wangapi?"

"Watatu."

"Watatu! Nimewapata saa ngapi, nami nashinda ndani ya lifti?"

"Basi wawili. Nawe unakoroma."

"Mimi sikoromi!"

"Unakoroma, mume wangu. Majirani wameshalalamika."

Jumamosi walimmwagia Ndevu uongo huo mmoja baada ya mwingine, naye akaunenepesha, hata watu wa ukumbini wakaanza kumsalimia binti huyo mlangoni: "Mke wa safu ya tatu, hujambo? Wanao?" Alijibu kwa sauti ndogo kwamba wanawe hawajambo. Baada ya onyesho waliagana kwenye ngazi, kila mmoja akashika njia yake. Hakujua fundi anaishi wapi. Fundi hakujua kwamba yeye alikuwa mpiga eksirei, kwamba siku nzima, katika chumba chenye kiza, maneno yake kwa watu yalikuwa yale yale: "Vuta pumzi. Shikilia. Haya, pumua." Hakujua kwamba zipo siku ambazo hayo ndiyo maneno yote aliyoyasema kuanzia alfajiri hadi kulala.

Jumatano moja mvua ilikuwa ikinyesha. Fundi alipiga simu akiwa amejibanza chini ya ngazi.

"Nipe jingine, mama watoto. Nisipokuwepo nyumbani, mke wangu hufanya nini?"

Binti aliitazama picha ya eksirei iliyokuwa mbele yake, kifua cha mtu asiyemjua.

"Asubuhi huacha redio ikisema," alisema polepole. "Akirudi kutoka kazini, kabla hajafungua mlango, hupiga hodi. Akisikia kuna sauti ya mtu ndani, ndipo anaingia."

Lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilopata kumwambia. Alisubiri kama wanavyosubiri wagonjwa wake, pumzi ameishikilia.

"Hiyo kali!" Fundi aliangua kicheko. "Yaani unaipigia hodi redio! Hiyo naiandika kabisa."

Naye akacheka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Jumamosi fundi aliisimulia vizuri mno. Alijua pa kusita na pa kukaza sauti. Mama mmoja nyuma yao alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ndevu alipiga magoti jukwaani, akagonga sakafu. "Hodi, Bwana Redio!" Ukumbi mzima ukaitikia: "Karibuuu!"

Watu mia mbili. Binti alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Waliokuwa karibu walidhani ni sehemu ya mzaha, wakampigia makofi hadi mlangoni.

Simu ililia jioni ile, ikalia Jumapili, ikalia Jumatano saa ile ile ya siku zote. Hakupokea. Alituma ujumbe mmoja: *Samahani. Sitakuja tena.* Jumamosi nne zikapita, akifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Redio aliizima. Akirudi kazini alifungua mlango na kuingia kimya kimya, kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemfanya atoboe siri, kwa simu kutoka mbali.

"Mdogo wangu, mbona sauti yako kama imetoka kisimani? Yule fundi mcheshi uliyenitajia yuko wapi?"

Akamweleza yote, akilia kidogo. Dada alisikiliza, kisha akauliza, "Sasa, alijua kwamba hilo ni la kweli?"

"Nani?"

"Si huyo mtu! Mmedanganyana miezi mitatu mchana kweupe. Katikati ya uongo wote huo umemchomekea ukweli mmoja. Angeutambuaje? Ulikuwa na kengele?"



Jumapili iliyofuata ukumbi ule ulikuwa na mchezo wa kuigiza, si vichekesho. Alikwenda kwa sababu aliamini fundi hatakuwepo. Alikaa nyuma kabisa. Jukwaani mzee alikuwa akimwandikia barua mkewe aliyekufa, na watu walikuwa kimya hivi kwamba kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi. Taa za mapumziko zilipowaka, alimwona fundi amesimama kwenye korido, shati limepigwa pasi mbele tu.

"Nimekuja kila onyesho," fundi alisema. Hakuwa na mzaha usoni. "Sikujua ungerudi kwa lipi. Nimetazama hata mchezo wa mtu aliyekaa juu ya ngazi kwa saa mbili bila kusema neno. Ndevu aliniuliza mke yuko wapi. Nikamwambia sina mke, tulikuwa tukimdanganya. Unajua watu walifanya nini?"

"Walicheka."

"Walicheka kuliko siku zote. Nikaenda nyumbani. Nami sina mtu nyumbani."

Binti aliangalia viatu vyake. "Ile ya redio ilikuwa kweli."

Fundi alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Na hodi?"

"Na hodi."

Aliegemea ukuta. "Mungu wangu. Na mimi nikawapa watu waichekee." Akavuta pumzi. "Kazi yangu ni kusikia sauti nyuma ya mlango. Najua nani anaogopa kabla hajasema. Yako sikuisikia."

"Kosa si lako peke yako. Nilikuambia kama uongo."

Kengele ya kurudi ndani ililia. Watu wakawapita wakiwasukuma kwa mabega, korido ikabaki tupu isipokuwa mkata tiketi, mkono wake kwenye kitasa.

"Jamani, ndani au nje?" aliuliza.

Fundi alikuwa akimtazama binti peke yake.

"Siku ile ya mvua," alisema. "Ulitaka nisikie nini?"

Siku zote sauti ya binti ilikuwa ndogo, ya chumba chenye kiza. Sasa ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata mkata tiketi akageuka.

"Kwamba nakupenda," alisema. "Na kwamba nimechoka kukaa peke yangu."