Njia Iliyohama

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alikuwa na kazi ya kuokota sindano. Mama yake alikuwa mshona matanga, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana. Turubai ilitandazwa kutoka mlangoni hadi chini ya meza, na sindano zilizoanguka usiku zingeweza kumchoma mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Chiriku alipita kwa magoti akiwa na sumaku mkononi, huku akisimulia ndoto zake, habari za darasani na habari za majirani. Ndiyo maana Bibi, mama yake mama, alimpa jina hilo la ndege asiyejua kunyamaza.

Siku ya kwanza ya likizo, simu ya mama ililia kabla chai haijachemka. Mama alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, kisha akaiweka simu juu ya turubai polepole.

"Mama," alimwambia Bibi, "dada yako amezidiwa. Binti yake anasema anakuulizia wewe tu."

Bibi alikaa kitako. Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Bibi alikuwa na miaka minne na dada yake kumi na mitatu. Dada aliacha shule, akampika, akamfulia, akambeba mgongoni hadi alipoota meno ya pili. Sasa alikuwa mzee sana, anaishi na binti yake kisiwani, na masikio yake hayakusikia tena simu. Ukitaka akusikie, ni lazima uinamie sikio lake na kusema taratibu.

"Kuna neno la shukrani sijawahi kumwambia," Bibi alisema. "Miaka yote nilidhani analijua. Nataka nimwambie kabla hajaenda."

Jioni ile mjomba alikuja. Alikuwa fundi wa mashua na nahodha. Alikunjua ramani kuukuu juu ya meza, akaibana pembe kwa vikombe. Kisiwa hakikuwa mbali, safari ya saa tatu kwa tanga. Tabu ilikuwa njiani. Kati ya mji na kisiwa kulikuwa na visiwa vidogo vya mikoko na mafungu ya mchanga, na maji yake yalikuwa haba, ya kina kifupi, kiasi kwamba boti za injini ziliogopa kuvunja panga boi. Mashua ya mjomba ingepita, lakini katika njia moja tu nyembamba, tena kwa saa zake.

"Haya, Chiriku, nisomee jedwali la maji. Keshokutwa yanajaa saa ngapi?"

Chiriku alifuata mstari kwa kidole. "Saa kumi na mbili asubuhi, mjomba."

"Basi tunaondoka saa kumi na mbili na nusu. Maji yakianza kupwa yatatusukuma kuelekea nje. Saa mbili tuko kwenye njia, saa tatu u nusu Bibi anakunywa chai kwa dada yake." Kisha akakuna kidevu. "Ila ule upepo wa wiki mbili zilizopita ulikuwa mkali. Mchanga huenda umehama. Nani amepita kule juzijuzi?"

"Mama wa mwani," alisema mama.

Wote walimfahamu. Alikuwa mwanamke aliyelima mwani kwenye maji haba, na kila maji yalipokupwa yeye alikuwa huko, amezama hadi magotini. Manahodha wote walimtegemea. Simu yake ilikuwa imekunywa maji ya chumvi mwezi uliopita, kwa hiyo kumpata ilikuwa lazima umfuate kwake, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Mimi kesho nazibua na kuziba upya nyufa za mashua, sina nafasi," alisema mjomba. "Chiriku, utakwenda wewe. Muulize jambo moja tu: njia bado iko kulia kwa kile kisiwa kikubwa cha mikoko, au imehama?"

"Nitakwenda, mjomba. Hiyo kazi ndogo."

Kesho yake Chiriku aliondoka mapema, tena kwa nia njema. Njiani alimkuta rafiki yake wa darasani akiendesha baiskeli mpya ya kaka yake. Chiriku hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake.

"Njoo nikufundishe," rafiki alisema. "Dakika kumi tu."

Zile dakika kumi zilizaa nyingine. Alianguka, akacheka, akapanda tena. Ilipofika wakati ambapo aliweza kwenda kutoka mti hadi ukuta bila kushikwa, jua lilikuwa limeshateremka sana. Goti lilikuwa limechubuka, na safari ya kwenda kwa mama wa mwani na kurudi isingewezekana tena kabla ya giza. Alisimama njiani akiwaza. Akisema hakwenda, mjomba atafoka. Tena njia ilikuwa palepale tangu yeye azaliwe. Kwa nini ihame mwaka huu?

Alimkuta mjomba ameinama chini ya mashua, mikono imejaa lami.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mjomba."

"Anasemaje?"

"Njia ni ileile. Kulia kwa kisiwa cha mikoko."

"Na goti hilo?"

"Niliteleza kwenye tope, karibu na kwake."

"Pole, mwanangu. Ahsante sana." Mjomba alirudi kwenye kazi yake, na jambo lile likaisha. Chiriku alishangaa jinsi lilivyokuwa rahisi.

Asubuhi ya safari Bibi alivaa gauni lake zuri. Mama, ambaye alibaki na mtoto, alimfunika mabega na kumpakatisha kapu la chakula. Mjomba alishika usukani, Chiriku akakaa mbele na mti mrefu wa kupimia maji. Upepo ulikuwa mwanana. Bibi alikuwa akitembeza midomo bila sauti, kama mwanafunzi anayekariri shairi kabla ya kuitwa mbele.

Walikifikia kisiwa cha mikoko saa mbili kasoro. Mjomba alikata kulia. Maji yalikuwa ya kijani, kisha yakawa meupe. Chiriku alichovya mti, ukagota mapema mno.

"Mjomba, ni haba!"

Kabla hajamaliza, mashua ilisita, ikakwaruza, ikasimama. Mjomba aliruka majini, maji yakamfika kiunoni. Alisukuma. Chiriku naye aliruka, akasukuma. Mjomba alishusha tanga, akasukuma kwa bega hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mashua haikutikisika, na kila walipopumzika maji yalikuwa yamepungua kidogo.

"Tumepwelewa," mjomba alisema mwishowe, akihema. "Hatutoki hapa mpaka maji yajae tena. Saa kumi jioni, pengine zaidi."

Bibi hakulalamika. Alitazama mbele. Kisiwa kilionekana wazi, mapaa yake ya bati yakimeta. Lakini kati yao na kisiwa kulikuwa na mkono wa bahari wenye kina na mkondo mkali, usioweza kuvukwa kwa miguu. Mjomba alipiga simu kisiwani. Vyombo vyote vya huko navyo vilikuwa vimelala ubavu kwenye mchanga mkavu, mbali na maji.

Saa nne simu ililia. Mjomba aliweka sauti ya juu.

"Mama anauliza mdogo wake yuko wapi," alisema binti wa mgonjwa. "Nimemwambia mko njiani. Ameomba nimchane nywele."

Saa sita ililia tena. "Anauliza kama mmekula."

Bibi alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa pembe ya khanga. "Yeye ndivyo alivyo. Mwambie nimekula."

Saa nane sauti ya simu ilikuwa ya chini. "Mama mdogo, amelala. Namwita, haitiki. Bado anapumua."

Mjomba alizunguka mashua yake iliyokaa kwenye mchanga kama bata aliyetaga.

"Mama wa mwani hajanidanganya hata siku moja," alisema. "Shamba lake liko nyuma ya mikoko ile, maji haya anayaona kila siku! Ameshindwaje kuona kwamba njia imeziba? Au ameanza kuzeeka?"

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Chiriku, leo umemeza nini? Toka asubuhi sijakusikia."

Chiriku alitikisa kichwa. Aliona uso wa Bibi ukiungua kwa jua, akamsogezea kivuli cha tanga. Hilo ndilo aliloweza.

Saa kumi na nusu mashua ilielea. Saa kumi na mbili kasoro waliingia kwenye chumba kidogo chenye kitanda, kiti na dirisha lililofunguliwa. Nywele za mgonjwa zilikuwa zimechanwa vizuri, zikasukwa mistari miwili. Bibi aliinama, akaweka mdomo sikioni kwa dada yake, akasema neno lake taratibu. Alilisema tena. Alishika mkono, akausubiri umminye. Mkono ulikuwa wa moto, lakini haukumminya.

Dada yake Bibi alifariki alfajiri, bila kufumbua macho.

Mchana ule, baada ya mazishi, watu walikaa uani. Manahodha wa kisiwani walimuuliza mjomba ilikuwaje akapwelewa mchana kweupe.

"Niliambiwa vibaya," mjomba alijibu kwa uchungu. "Nilimtuma mtoto kwa mama wa mwani, akasema njia ni ileile. Tangu leo simwamini tena, na nyinyi msimwamini."

Wanaume wawili waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema, "Basi tuwaambie na wengine."

Chiriku alikuwa akiosha vikombe kando ya ukuta. Akilini aliuona uso wa yule mama wa mwani, umekunjamana kwa jua na chumvi, na watu wakimpita bila kumsalimu kwa jambo ambalo hakulisema. Aliweka kikombe chini.

"Si yeye," alisema. Walipogeuka, akasema kwa sauti zaidi. "Sikwenda kwake. Nilikuwa najifunza baiskeli. Nilisema uongo."

Mjomba alimtazama, akainuka na kwenda ufukweni. Chiriku alikwenda kupiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, nisamehe."

Bibi alimwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mzito. "Sikuchukii, mjukuu wangu. Na kusema mbele za watu wazima si jambo dogo. Lakini usiniombe leo niseme kwamba haidhuru, maana imedhuru. Ngoja nilie kwanza."

Chiriku alilia pamoja naye, na hakuna aliyewabembeleza.

Maji yalipokupwa siku iliyofuata, mjomba alikuja na fimbo ndefu kumi na moja. "Nifuate," alisema. Nahodha mmoja wa kisiwani aliwavusha mkondo kwa mtumbwi uliotiwa nanga kinani tangu maji yalipojaa, kisha wawili hao wakatembea kwenye mchanga hadi kisiwa cha mikoko. Njia ilikuwa imehama, sasa ilipita kushoto. Waliifuata hatua kwa hatua, Chiriku akiita kina cha maji na mjomba akichomeka fimbo. Hadi wanarudi, fimbo zote zilikuwa zimesimama, na manahodha walikuwa na njia tena. Safari ya kurudi nyumbani ilipita hapo bila kugusa mchanga. Ila Bibi alikaa ametazama nyuma njia nzima.

Walipofika mjini, Chiriku hakungoja kutumwa. Alitembea saa nzima hadi kwa mama wa mwani, akamkuta akianika mwani kwenye kamba, akamweleza yote bila kuacha hata baiskeli.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Njoo ukae," alisema, akamsogezea ndoo iliyopinduliwa. "Sikiliza. Kucheza ukasahau ulikotumwa, watoto wote hufanya. Mimi pia nilifanya. Ungerudi ukasema 'sikwenda,' mjomba wako angefoka, tena sana. Halafu angefanya nini?"

Chiriku alifikiri. "Angekuja mwenyewe asubuhi. Au tungepita polepole, tukipima."

"Umeona? Kazi ambayo haijafanyika, ukiisema, mtu mwingine ataifanya. Ukisema imefanyika, umefunga mlango. Hakuna atakayeangalia tena, maana wanakuamini. Ndipo watu wanapoumia. Uongo wako ulikuwa wa maneno machache, mwanangu, lakini watu watatu waliupanda kama chombo."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Dada yake Bibi hakulisikia lile neno."

"Hilo huwezi kulirudisha," mama wa mwani alisema kwa upole. "Hata ukilia mwaka mzima. Unachoweza ni kuwa mtu ambaye akisema 'nimeona,' ameona kweli. Wanahitajika watu wa namna hiyo huku majini, na nchi kavu vilevile. Sasa nishikie kamba hii, mikono yangu imechoka."

Chiriku aliishika. Walifanya kazi hadi kamba zote zikajaa. Alipofika nyumbani, Bibi alikuwa mlangoni, macho mekundu, akimngojea ili wale pamoja.