Shingo za Dhahabu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuku. Alimwaga maji ya jana, akasugua vyombo, akajaza maji safi, kisha akagawa chakula banda kwa banda. Jina hilo alipewa na shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Si kwamba msichana huyu alikuwa mvivu, la hasha. Kazi aliipenda, ila alikuwa na tabia ya kuimaliza kabla haijaisha. Sahani aliosha upande mmoja, na kamba za viatu alizifunga akiwa amekwisha fika njiani.

Kuku wa shangazi hawakuwa wa kitoweo. Walikuwa kuku wa mapambo, wenye manyoya hadi vidoleni na vishungi vichwani, utadhani wametoka saluni. Kwa miaka mingi shangazi alikuwa akiwachanganya, jogoo huyu na matetea wale, akitafuta rangi mpya ambayo hakuna mfugaji mwenzake aliyewahi kuipata. Ukimuuliza ni rangi gani, alijibu, "Nitaijua nikiiona."

Mwaka huo alimchagua Lami, jogoo mweusi tii, akamweka na matetea weupe wenye madoadoa. Aliujua mchanganyiko huo: vifaranga wake hutoka rangi ya kijivu. Banda la pili alikaa Afande, jogoo mwekundu aliyetembea kifua mbele kama anakagua gwaride. Kati ya mabanda hayo kulikuwa na kilango chenye komeo.

"Komeo hili ulichunge kuliko mboni ya jicho lako," shangazi alimwambia. "Tumbo la kuku halisahau. Tetea akikutana na jogoo mwingine hata mara moja, kwa wiki tatu huwezi kuapa mayai yake ni ya nani. Inabidi umtenge na usubiri."

"Nimeelewa, shangazi."

Na kweli alielewa. Lakini jioni moja, shangazi akiwa hayupo, rafiki zake walikuwa wanaruka kamba nyuma ya ukuta na wanamwita. Akapita kilangoni na ndoo ya chakula cha jioni, akamwaga, akakisukuma kilango kwa kisigino, huyo akatimka. Aliporudi akihema, alimkuta Afande katikati ya matetea wenye madoadoa, ametandaza bawa, anajizungusha. Lami alikuwa amejibanza pembeni, mnyonge.

Chapuchapu alimkamata Afande, akamrudisha kwake na kufunga komeo. "Ni mara moja tu," alijiambia. "Na nani ameona?" Siku zilizofuata aliokota mayai kama kawaida, akampelekea shangazi, na shangazi akayapanga katika mashine ya kutotolesha.

Vifaranga walitotolewa, wakakua, wakaanza kubadilisha manyoya ya utoto. Ndipo siku moja shangazi akamwita kwa sauti ambayo Chapuchapu hakuwahi kuisikia.

"Mwanangu, njoo uone."

Baadhi ya vifaranga walikuwa wa kijivu mwili mzima, kama ilivyotarajiwa. Lakini wengine, juu ya ule ukijivu, shingo zao zilikuwa zimeanza kung'aa rangi ya dhahabu. Walipendeza, hakuna ubishi. Shangazi alimnyanyua mmoja, akamgeuza juani, machozi yanamlengalenga. Kisha uso wake ukabadilika.

"Lakini dhahabu hii imetoka wapi? Lami ni mweusi, mama zao ni weupe." Akamtazama Chapuchapu. "Hebu niambie, Afande hajawahi kuingia humu?"

Chapuchapu alikitazama kile kilango. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni.

"Hapana, shangazi."

"Basi ni Lami," shangazi alisema, uso umechangamka tena. "Ana dhahabu iliyojificha katika damu yake, pengine ya babu yake. Kumbe nimekaa na hazina nyumbani sijui."

Siku hiyo hiyo alimwita rafiki yake, fundi cherehani, ambaye naye alifuga kuku wa mapambo nyuma ya duka lake. Fundi aliwazunguka vifaranga, akachuchumaa, akasimama, akaomba mayai ya Lami ili naye ajaribu. Shangazi alimpa kwa mikono miwili.

Tangu hapo Chapuchapu akawa mtu mwingine. Alifunga komeo, akarudi kulitikisa, akarudi tena. Sahani aliosha pande zote mbili. Shangazi alipomsifu, "Siku hizi umetulia, mwanangu, umekua," Chapuchapu aliisukuma sahani pembeni. Heri angegombezwa. Kugombezwa alikuzoea, lakini sifa zile zilimchoma kwa sababu alijua hazikuwa haki yake.

Mayai mengine ya Lami yakaanguliwa. Vifaranga wakaota manyoya, wote wa kijivu, hata mmoja hakuwa na dhahabu. Shangazi alibadilisha chakula. Akabadilisha matandiko. Akapunguza joto la mashine, kisha akajuta kulipunguza. Jioni moja Chapuchapu alimkuta amekaa kwenye kibao mbele ya banda, kifaranga mapajani.

"Sijui nimekosea wapi," shangazi alisema taratibu. "Rangi ilikuja yenyewe hadi mikononi mwangu, nami nimeipoteza. Labda mikono yangu imezeeka."

Chapuchapu alikuwa amesubiri mno, na kila siku aliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Akaenda kulala bila kula.

Jumamosi shangazi aliamka na uamuzi. "Vifaranga wameongezeka, nafasi hamna. Nahitaji banda la Afande nimwekee Lami matetea wengine, nijaribu tena. Afande atachukuliwa na mpishi wa hoteli leo hii."

Mpishi alifika asubuhi ile ile, mtu mnene mcheshi, kapu mkononi. Shangazi aliingia bandani, akamkamata Afande, akamfunga miguu kwa kamba. Jogoo yule mwenye maringo alining'inia kichwa chini, kimya.

"Huyu supu yake itaongea," mpishi alisema, akinyoosha mkono.

"Usimpe, shangazi." Chapuchapu alikuwa amekwisha simama kati yao, machozi yanamtiririka. "Huyo ndiye baba yao. Wale wa dhahabu ni wa Afande. Niliacha kilango wazi, nilikwenda kuruka kamba. Uliponiuliza, nilikudanganya."

Mpishi alilitazama kapu lake. Shangazi aliinama, akaifungua ile kamba, akamwachia Afande ndani ya banda. Ndipo akamgeukia mpishi.

"Nisamehe, ndugu yangu. Leo sina jogoo wa kukupa."

"Aa, mimi nitapika maharage," mpishi alijibu, akaondoka zake bila kuuliza. Alijua hapo si mahali pa mgeni.

Shangazi aliketi kwenye kibao chake. "Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, shangazi. Uliniuliza."

"Nimekesha nikijilaumu, nawe unaniona."

"Nilikuwa naona. Nisamehe, shangazi."

Shangazi hakumpiga wala hakumfokea. Alifuta mikono yake kwa kanga, akasema, "Twende kwa fundi. Utamwambia wewe mwenyewe."

Hiyo ndiyo adhabu aliyoiogopa Chapuchapu kuliko zote. Fundi alimsikiliza huku mguu umesimama juu ya pedali ya cherehani. Ukutani, ndani ya boksi lenye taa, vifaranga wa Lami walikuwa wanalia, na fundi alikuwa amewatengenezea banda jipya la mbao. Aliwatazama, akashusha pumzi.

"Basi hawa watakuwa kijivu tu," alisema. "Nilikuwa nawaangalia shingo kila nikiamka. Haya, binti, ahsante kwa kuniambia."

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke. Jioni ile yeye na shangazi waliwatenga matetea wenye madoadoa peke yao, wakasubiri wiki tatu bila kuchukua yai hata moja la kutotoleshwa. Kisha shangazi akafungua kilango mwenyewe, akamwingiza Afande.

Vifaranga wa safari hiyo walipoota manyoya, dhahabu ilirudi. Wa kwanza aliyeng'aa shingo walimpelekea fundi. Njiani, Chapuchapu akiwa amemkumbatia kifaranga, aliuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Kwa lile komeo? Hapana," shangazi alisema. "Kila mtu husahau komeo siku moja. Na tena tusidanganyane, kosa lako ndilo lililoleta rangi. Lakini mimi sikujua imetoka wapi, kwa hiyo haikunifaa kitu. Nilimshikilia jogoo wa uongo, na wa kweli nikamfunga miguu nikataka kumpa mpishi. Kosa ukiniambia, mwanangu, tutalitengeneza pamoja. Ukilificha, unaniacha nilitengeneze peke yangu, tena gizani."