Nilimwekea Mama Filda Mfumo wa Miezi Tisa

"Toka! Toka kwa ofisi yangu sasa hivi!"

Mama Filda alikuwa anamfokea Akech, mchumba wangu, mbele ya wateja. Na mimi, mwenye kosa lenyewe, nilisimama palepale nikisokota waya wa chaja...

Jamani, nisomeni hadi mwisho ndipo mnitukane.

Naitwa Oyugi, mtu wa Kisumu, fundi wa kompyuta hapa Katwe. Mama Filda, mke wa afande mmoja kutoka Kitgum, ana ofisi ya kuchapa karibu na jela ya Luzira. Familia za wafungwa huenda pale kuandikiwa barua na rufaa. Akech ndiye alikuwa mchapaji.

Mwaka 2015 Mama aliniita.

"Fundi, mimi nataka kompyuta ya kukaa. Sitaki kubadilisha-badilisha. Kazi ya hapa ni ya watu walio jela."

Nilikuwa na flashi mbili. Moja ilikuwa na mfumo wa kuendesha kompyuta uliotulia, sura ya kizee, lakini apdeti zake zinakuja miaka mitano. Nyingine ilikuwa na toleo jipya, linang'aa balaa... apdeti miezi tisa tu, kisha lazima uhamie toleo lingine.

Akech alikuwa amekaa pembeni ananitazama. Nikaweka linalong'aa! Kupenda sifa tu.

"Hii itakaa, fundi?"

"Mama, hii ni kiboko!"

Sikumjibu alichouliza.

Miezi tisa ikaisha. Nikapiga chenga hadi kompyuta ikaanza kuigomea printa. Jumamosi moja Mama akanipa ufunguo. Akech alikuwa kanisani, Msabato yule.

Nikaanza kuhamisha mfumo bila kunakili hata faili moja. Katikati... umeme ukaenda!

Uliporudi, kompyuta ikakataa kuwaka. Nikapaniki, nikapiga mfumo upya juu ya kila kitu. Rufaa thelathini na mbili zikafutika!

Nikafunga mlango, nikaenda zangu.

Jumatatu asubuhi wakaniita.

"Fundi, faili ziko wapi?"

"Jumamosi niliiacha sawa, Mama. Labda Akech ameizima vibaya."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu huu!

Akech alinitazama tu. Hakujitetea. Ndipo Mama Filda akamfukuza kama mlivyosikia.

Tangu siku hiyo hakupokea simu zangu. Na mimi, niseme ukweli, mwanzoni nilishusha pumzi. Baadaye dhamira ikaanza kunisuta. Nikiona mama yeyote amebeba bahasha ya mahakama, navuka barabara.

Miezi minne baadaye Mama Filda aliniita niweke mfumo mwingine, wa kukaa kweli. Safari hii nikachukua ile flashi ya miaka mitano. Machozi yakanitoka nikiwa bado nabonyeza.

"Mama... ni mimi nilifuta zile faili. Akech hana kosa."

"Najua. Nilikuwa nasubiri useme."

"Unajua?!"

"Jumatatu ile asubuhi, kabla hujafika, Akech aliangalia tarehe. Akaona mfumo umewekwa Jumamosi saa tisa. Akaniambia, 'Mama, tumpigie. Akidanganya, nifokee, nifukuze mbele yake. Nataka kuona kama ataniacha nibebe mzigo wake.'"



"Kwa hiyo... hukumfukuza?"

"Nimfukuze kwa nini? Ulipoondoka tu, alirudi akakaa hapo. Wiki tatu anapigia familia moja-moja, anaandika upya rufaa zote. Sasa yuko ofisi yetu nyingine, ya Mulago."

Banange, jamani! Nilikuwa nimemwachia msichana wa watu mzigo wangu, naye akaubeba mpaka mwisho.

Nikaomba simu ya Mama Filda, nikampigia Akech. Akapokea. Nikakiri yote, nikilia kama mtoto.



"Miezi minne, Oyugi. Hata ungesema kesho yake, Jumanne, ningekusamehe."

Akakata.

Fundi mwenzangu, mtu akikuomba kitu cha kukaa, mpe cha kukaa, hata kama hakina sura. Nakili faili zake kabla hujagusa chochote. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, mbele ya anayefokewa.

Mimi nilichelewa. Amenibloku mpaka leo.