Pikapu ya Muuza Vyuma

Jumatano, saa nne asubuhi.

Msumari alipanga matofali manne juu ya meza.

"Hili geti la kiwanda. Hili ofisi ya mishahara. Hili kilima." Akaligonga la mwisho kwa kucha. "Na hili ni sisi, maiti, kama gari litazima."

Hakuna aliyecheka. Chumba kile cha nyuma ya gereji kilikuwa na dirisha moja, nalo limezibwa kwa bati. Walikuwa wanne. Msumari mwenyewe, mwembamba, mrefu, mwenye bastola kiunoni na subira ndogo. Bubu, ambaye alikuwa na ulimi mzima lakini hapendi kuutumia. Fundi, mwenye gereji. Na dereva, ambaye fundi alimwita Shemeji, kwa kuwa alimwoa dada yake wa pekee.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kila Ijumaa alasiri pikapu ya mzee muuza vyuma chakavu iliingia kiwandani kuzoa mabaki. Walinzi waliijua kwa mlio kabla hawajaiona. Mzee kaiuza, kahama mji. Aliyeinunua ni Msumari. Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo siku ya mishahara.

"Gari jipya likifika pale litaulizwa," Msumari alisema. "Hili halijaulizwa kitu miaka tisa. Tunaingia, tunabeba mzigo, tunapanda kilima, tunashuka mtoni. Ng'ambo kuna gari jingine. Haya, fundi. Mgonjwa wako anaendeleaje?"

Fundi alijipangusa mikono. Ilikuwa imepanguswa tayari.

"Krosi ya propela imekwisha, ndiyo maana lilikuwa linatetemeka. Hiyo natia nyingine leo. Gia ya tatu inaruka, dereva ataishikilia kwa mkono. Klachi itafika Ijumaa, Jumamosi sijui."

"Jumamosi hainihusu. Na kuzima?"

"Hapo ndipo sijapaelewa, bosi. Likipanda mlima injini ikachemka, linakosa nguvu, linazima. Likipoa, linawaka kama halikufanya kitu. Nimebadilisha filta. Nimesafisha tangi. Nozeli zimepimwa. Nikilijaribu, linakwenda. Kesho yake, ugonjwa ule ule."

"Likinizimia kilimani Ijumaa," Msumari alisema polepole, "nitajua kuna mtu kaniuza. Na sitatafuta mbali."

Alikuwa akimtazama Shemeji. Shemeji alikuwa akitazama matofali.

Fundi ndiye aliyemleta Shemeji kwenye genge. Dada yake alipojua hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Umempeleka wewe. Utamrudisha wewe." Tangu siku hiyo fundi hakuwa na raha. Mzigo wa Ijumaa haukumkosesha usingizi. Alichokihofia ni kumkabidhi dada yake maiti.

Alhamisi, saa sita mchana.

Pikapu ilizima tena, nusu ya mlima, jua la utosi. Waliisukuma hadi kivulini, ikapoa, wakarudi nayo gereji. Shemeji akaenda kunawa. Fundi akaingia uvunguni, akafungua nati ya chini ya tangi, akakinga chupa.

Alichovya vidole, akavisugua. Dizeli huacha utelezi mkononi, hata ukinawa. Haya yalikauka upesi. Akanusa.

Mafuta ya taa.

Jana jioni yeye mwenyewe alijaza dizeli safi. Ufunguo wa kifuniko cha tangi ulikuwa mmoja, na ulining'inia shingoni mwa mtu mmoja.

Alimkuta Shemeji nyuma ya gereji, bado anajipangusa uso.

"Shemeji. Umenyonya mafuta?"

Shemeji akaendelea kujipangusa.

"Nakuuliza."

"Kidogo tu."

"Ukajazia ya taa."

"Ili mshale usishuke." Shemeji alijaribu kutabasamu, akaacha. "Shemeji, wewe unanijua. Nimeendesha malori ya watu miaka yote hii. Hakuna hata moja ambalo sikulinyonya. Nikiona tangi limejaa mkono unaniwasha. Matajiri wangu walikuwa wanajua, wanakata mshahara, yanaisha."

"Huyu si tajiri. Huyu ni Msumari! Unaiba mafuta ya gari la kukukimbiza wewe mwenyewe? Akili zako umeziweka rehani?"

"Sikufikiri itafika huku."

"Hukufikiri kabisa."

Fundi alitamani kumzaba kofi. Badala yake alikaa juu ya ringi la gurudumu, akashika kichwa. Hasira ilikuwa nyingi, lakini hofu iliipita. Mtu wa kawaida angesema ni tamaa ya dereva, angecheka. Msumari hakuwa mtu wa kawaida. Kwake wizi wa kidumu na kwenda polisi vilikuwa kapu moja.

"Sikiliza. Hili umeniambia mimi, limekufa hapa. Ufunguo nipe. Tangi usiliguse tena hata kwa kivuli chako."

"Asante, shemeji."

"Usinishukuru. Ondoka mbele yangu."

Msumari alipofika alasiri, fundi alikuwa na maneno tayari. Tangi limeoza kwa ndani, kutu inadondoka kila siku, ndiyo inayoziba. Muda wa kulibadilisha haupo. Dawa ni kuliruka. Dumu la dizeli safi litakaa nyuma kwenye bodi, mpira utoke dumuni moja kwa moja mpaka kwenye pampu.

"Nitapanda nyuma na dumu langu. Nalilinda mwenyewe."

"Kutu," alisema Msumari.

"Kutu, bosi."

Chupa ilikuwa bado juu ya meza ya kazi. Fundi alikuwa ameisahau. Msumari aliiinua, akaitazama kwenye mwanga, akaipitisha puani, akairudisha palepale.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Akatoka bila kuuliza zaidi. Fundi akashusha pumzi.

Ijumaa, saa tisa alasiri.

Mlinzi mzee aliusikia mlio, akafungua geti kabla hawajapiga honi. Akapunga mkono. Bubu alikuwa chini ya turubai, ubavuni mwa fundi, anapumua taratibu kama aliyelala.

Saa tisa na dakika kumi walikuwa wanatoka. Mifuko miwili. Karani mmoja chini, mdomo unavuja damu. Mlinzi mzee alikuwa hajajua lolote. Alisogea kuwafungulia, akachungulia ndani, akaona uso asioujua. Akafungua mdomo kuuliza.

Bubu alimpiga risasi ya kifua.

"Mzee wa watu alikuwa anafungua!" fundi alipiga kelele. "Alikuwa anafungua!"

"Twende!" alisema Msumari, akaruka chini, akalisukuma geti likafunguka lote.

Mpango ulisema Msumari akae mbele. Hakukaa mbele. Alimvuta Bubu kutoka bodini akamsukuma kwenye kiti cha pembeni ya dereva, yeye akaparamia bodi, akaketi na fundi katikati ya mifuko na dumu. Pikapu ikaondoka. Krosi mpya ilikuwa kimya. Injini ilivuta vizuri ajabu. Kwa wiki nzima fundi alikuwa akilisubiri gari liende hivi, na sasa moyo wake ulikuwa unamwenda mbio.

Kilima kilianza. Chini kushoto kulikuwa na njia panda na kituo kidogo cha polisi. Wakakipita. Msumari akamwinamia sikioni.

"Kutu hainuki mafuta ya taa."

Fundi akalishika dumu kwa mikono miwili.

"Gari la ng'ambo utaendesha wewe."

"Na dereva?"

"Atabaki mtoni. Bubu anajua."

"Bosi, nakuomba. Ni tamaa ya dereva tu, ya nusu dumu! Hakukuuza."

"Anayeniibia dizeli leo, kesho ananiibia mzigo. Keshokutwa ananiuza. Na wewe ulinidanganya. Unapumua kwa sababu ya mikono yako."

Kupitia kioo cha nyuma fundi aliona kisogo cha Shemeji. Alikuwa ameishikilia gia ya tatu kwa mkono wote, mabega yamepanda juu, anaendesha kwa bidii, anawapeleka mtoni haraka awezavyo.

Fundi aliingiza mkono chini ya turubai. Aliupapasa mpira mdomoni mwa dumu, akaulegeza waya aliokuwa ameufunga mwenyewe asubuhi. Akauvuta juu, kidogo tu, ncha ikatoka kwenye dizeli.

Pikapu ilikwenda hatua chache. Ikakohoa. Ikazima katikati ya kilima.

Shemeji akapiga stata. Akapiga tena.

"Hewa," alisema fundi. "Imevuta hewa. Bila kuitoa haiwaki hata mkeshe."

"Itoe!"

Akashuka, akainua boneti, akalegeza nati ya filta, akaanza kupiga pampu ya mkono. Mapovu yakatoka. Akapiga. Mapovu. Mdomo wa bastola ya Msumari ulikuwa kwenye shingo yake, nao ulikuwa wa moto kwa jua.

"Mbona hayaishi?"

"Ni mlima, bosi. Mafuta yako chini, pampu iko juu. Vumilia."

Alipiga pampu kwa bidii ya mtu mwenye haraka, jasho likimtiririka, na kila pigo lilivuta hewa tupu. Huko chini king'ora kililia. Nisamehe, mzee wa geti, alisema moyoni. Wewe sikukuwahi.

Shemeji hakuweza kukaa bure. Alikuwa dereva, gari limemzimia mkononi. Akaruka, akazunguka nyuma, akafunua turubai.

"Bosi!" akaita kwa furaha. "Nimeona! Mpira umetoka!"

Msumari aligeuka kumtazama, kisha akamtazama fundi. Akaelewa. Risasi ilimpata fundi kwenye paja, akaanguka chini ya bampa. Ya pili haikutoka, maana polisi walikuwa wameshafika mkunjoni na wao ndio waliofyatua. Bubu alikimbia hatua sita hivi, akaanguka, hakuinuka tena. Msumari akadondosha bastola, akalala kifudifudi bila kuambiwa.

Saa kumi kasoro robo.

Waliwarusha watatu kwenye lori la polisi, pingu mikononi. Paja la fundi lilikuwa limefungwa kwa shati lake. Shemeji alikaa mbele yake.

"Ule mpira ulifungwa kwa waya," alisema. "Nilikuona asubuhi. Hauwezi kutoka wenyewe."

"Niliutoa mimi."

"Kwa nini, shemeji?"

"Walikuwa wamepanga kukuua mtoni. Bosi amejua habari ya mafuta."

Shemeji alimgeukia Msumari. Msumari alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja.

"Nimuue dereva wangu? Kwa lipi?" Sauti yake ilikuwa ya upole. "Kwani wewe umenifanyia nini?"

Fundi alingoja. Neno lilikuwa moja tu, nimekuibia, na mwenye kulisema alikuwa mmoja. Akilisema, yote yanakuwa wazi. Shemeji alifungua mdomo. Akaufunga. Akalamba midomo.

"Hakuna, bosi," alisema. "Sijakufanyia kitu."

Kisha akajivuta kwa makalio, pingu zikilia, akahamia ubao wa upande wa pili, akaketi karibu na Msumari. Fundi aliumia, na si pajani.

"Siku ya kesi dada yako atakuja," Shemeji alisema, macho yakiwa sakafuni. "Nitamwambia mwenyewe nani alituuza."