Daraja la Koro na Maru

Jumamosi ile duka la gemu za mitumba pale Nipponbashi, Osaka, lilifurika hadi ukitaka kugeuka unaomba ruhusa. Mikono miwili ikaishika kaseti moja ya gemu ya Koro. Mmoja wa Nagisa, binti wa sketi ya bluu na miwani inayomteleza puani. Mwingine wa Kohei, mpishi wa udon, zile tambi nene za Kijapani, aproni bado ina unga.

"Toleo hili la kwanza ni gumu, dada. Ukisukuma sanduku vibaya umekwama, unaanza upya kama mjinga."

"Kwa sura hiyo, kaka, umeanza upya mara nyingi."

Waliinunua kwa kuchangiana, na kwa kuwa kaseti haikatwi vipande, ikabidi wagawane Jumapili, wakiicheza pamoja sebuleni kwa Kohei.

Katika toleo la kwanza Koro, mhusika wa gemu hiyo, hupanda mnara peke yake. Walipomaliza, Kohei alishaanza kumwita Nagi wangu, akisingizia ulimi umeteleza. Toleo la pili lilimpa Koro mwenzake, Maru: mmoja akanyage kitufe, daraja lishuke, mwingine avuke. Akivuka mmoja, mmeshinda. Kohei hakuukubali ushindi huo. Dakika arobaini alihangaika kuwavusha wote wawili, udon ikipoa, na Nagisa kando yake kimya, kalamu mkononi.

Kimya hicho kilikuwa cha kazi. Nagisa alikuwa mbunifu wa toleo la nne, na wabunifu wamefundwa hivyo: mtu akicheza usimsaidie, usicheke, andika. Kosa lake ni kuibeba kazi hadi sebuleni kwa mpenzi wake, naye akijua tu kwamba binti huyu anafanya kazi ofisini.

Walikuwa kwenye toleo la tatu, lile ambalo ukikosea unarudisha wakati nyuma, mkoba wa Nagisa ulipoanguka na daftari likafunguka. *Mchezaji K. Hakubali kumwacha mwenzake. Anapoteza muda.*

"Kumbe mimi panya wako wa majaribio."

Nagisa alijieleza, akaomba radhi, akajieleza tena. Kohei akamkabidhi daftari kwa mikono miwili, kama anayemhudumia mteja asiyemfahamu.

"Sawa, Nagisa-san."

Hiyo "san", heshima ya kumwitia mtu baki, ilimchoma kuliko tusi.

Kwa miezi saba Kohei hakupokea simu zake. Kisha bahasha ya Nagisa ikafika kwenye mgahawa wake: toleo la nne. Aliificha nyuma ya mitungi ya mchuzi. Siku ya nne uvumilivu ukamwisha. Akamchezesha Koro kwa mkono wa kushoto, Maru kwa wa kulia, hadi darajani. Hapo Koro akivuka anarusha kamba, amvute Maru. Wote wanaweza kupita, ila mikono yake miwili haikutosha. Akapiga simu.

"Daraja lako linataka mikono minne."

"Najua. Nimelijenga upya mara kumi na tisa. Wakubwa walisema wachezaji hawamjali anayebaki. Nikawaambia namjua mmoja anayemjali."

Kohei akapakua bakuli la pili. "Udon iko mezani. Ukichelewa itavimba."

Nagisa alikuja na sketi ileile ya bluu, bila daftari. Koro akavuta, Maru akaning'inia, Nagisa kwenye pedi ya pili ya kuchezea, hadi wote wawili wakasimama ng'ambo.

"Mbona huandiki?"

"Leo nacheza."

Kohei akaweka pedi chini, akafuta unga viganjani. "Basi tuoane, Nagi."

Miwani ilimteleza Nagisa puani, na safari hii hakuirudisha.

"Unapoteza muda, Kohei," alisema, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja. "Ungeuliza tangu lile daraja la kwanza."