Glasi ya Kapteni Platon

Asubuhi hiyo glasi ilikuwa tupu, lakini kipande cha mkate mweusi kilichoifunika hakikuguswa.

"Ustinya," Glafira Lvovna alimwita mpishi wake, "siku hizi unamsaidia marehemu kunywa?"

"Mimi na vodka wapi na wapi, bibi! Nikiinusa tu napiga chafya."

Habari zilikuwa zimefika kutoka vita dhidi ya Waturuki kwamba Kapteni Platon, mwanawe wa pekee, ameuawa. Glafira akaweka glasi ya vodka mbele ya picha ya mwanawe ya rangi ya mafuta, ile ya sare na nishani, kama afanyavyo kila mfiwa wa kwao hadi arobaini. Kila kulipokucha glasi ilikuwa kavu. Mashavu ya pichani yalizidi kuwa mekundu, na sebule ikanuka rangi mbichi.

Kisha Platon akarudi, mzima! Ila mkono mmoja hana, na ulimi umekuwa shubiri, analewa na kuwatukana majenerali mbele ya wageni. Glasi ikaondolewa. Tangu hapo, wakiwa mezani mchana kweupe, walisikia buti zikitembea sebuleni, na Platon alikula sana lakini akazidi kukonda.

"Nani huyo, mama?" alinong'ona, akiweka kijiko chini.

"Hakuna mtu. Kula, mwanangu."

Ustinya alimvuta bibi yake hadi jikoni. "Tumemwalika pepo kwa jina la mtu aliye hai. Sasa tumemnyima kinywaji, anamnywa mwenye jina. Ichome ile picha leo, bibi, la sivyo utamzika kweli."

Glafira aliapa ataichoma. Lakini alipoishusha ukutani na kumtazama yule kijana mwenye mikono miwili, mwenye nishani zake zote, asiyelewa, asiyemwaibisha mbele ya watu, asiyepiga mayowe usingizini, moyo ulimshinda, akaibandua kwenye fremu, akaificha chini ya kitanda, akatia motoni fremu tupu.

"Imeungua," alisema. Wasemao uchungu wa mwana aujuaye mzazi hawakumjua mama huyu.

Platon alizikwa kabla theluji haijayeyuka. Glafira akaitundika picha tena, akaweka vodka na mkate, akalia kwa haki safari hii.

Asubuhi glasi ilikuwa imejaa, haikupungua hata tone. Nyuma ya Glafira kiti kilivutwa, na sauti ya mwanawe ikasema, kwa upole ambao Platon hakuwahi kuwa nao:

"Usijisumbue, mama. Nimeshashiba."